Kitunguu

Ndahani, fundi wa Kizota, ndiye aliyekichomelea
kutoka kipande cha breki ya behewa bovu.
Mpini ni nondo aliyoikunja kwa moto, akaipiga msasa,
akasema: kilo kumi na sita, niamini.
Hatukumwamini. Tulikipeleka soko la Majengo,
kwenye mizani ya muuza vitunguu.
Mshale ukapanda, ukatetema, ukapitiliza.
Kumi na saba na nusu.
Mama wa vitunguu alicheka hadi akashika meza:
"Na hiki kimevunwa shamba gani?"

Tangu siku hiyo jina lake ni Kitunguu.
Wenye simu kubwa wanasema ketobeli.

Saa kumi na moja alfajiri, Nkuhungu,
nyuma ya ghala la alizeti.
Upepo wa Julai unakata masikio,
vumbi bado limelala kama mbwa asiyefugwa na mtu.
Tuko sita, na mikeka mitatu.
Kocha Chilongani jioni huhesabu kwa Kijapani;
asubuhi huhesabu kwa Kigogo,
na akifika kumi huanza upya
kana kwamba hakuwahi kufika.

"Usikiinue," ananiambia. "Kibembeze.
Mkono ni kamba tu, na kamba haina misuli.
Nyonga ndiyo inayosukuma,
kama mtu mwenye ndoo mbili mikononi
anavyofunga mlango kwa makalio."

Nimefunga milango hivyo maisha yangu yote.
Sikujua kumbe nilikuwa najifunza kupiga ngumi.

Mwaka juzi, ukumbini Singida, nilirusha teke la juu.
Mguu wa kulia ulikwenda vizuri kabisa.
Wa kushoto, uliobaki chini, ndio ulionisaliti.
Nilianguka kabla sijaguswa.
Binti wa Manyoni alibaki ameduwaa, ngumi hewani,
kama aliyerudishiwa chenji kuzidi hela aliyotoa.

Kwa hiyo sasa nasimama kwa mguu wa kushoto,
Kitunguu mkono wa kulia,
nainama taratibu kama ninayenusa mchanga.
Vidole vya mguu vinakwangua, vinatafuta.
Kifundo kinabishana na goti.
Naangukia upande wa ghala.
Naangukia upande wa barabara.
Kitunguu hakianguki; kinashuka tu, kinakaa,
kinaningoja bila haraka,
bila huruma.

Watu wa huku husema jina la mji
lilitokana na tembo aliyekuja kunywa maji
akadidimia topeni, asitoke.
Shuleni tulisimuliwa kama msiba.
Kocha anaisimulia kama somo la miguu:
"Sasa niambieni, nani angemsukuma tembo yule?"
Tulicheka.
Halafu tukaacha kucheka, tukatanua magoti,
kila mmoja akatafuta tope lake.

Lipo zoezi moja ninaloliogopa.
Unalala chali, mkono umenyooka juu,
chuma kwenye ncha ya mkono, na jicho kwenye chuma.
Kisha unaamka. Basi. Unaamka tu:
kiwiko, kiganja, goti, unyayo.
Wiki hii nimeamka mara moja.
Ilikuwa Jumatano; treni ya umeme ilipita mbali,
haina kishindo cha ile mzee iliyotuzalia Kitunguu,
nami nilikuwa nimesimama, mkono juu,
natetemeka kama taa ya kibatari,
na hakuna aliyepiga makofi
kwa sababu kila mtu alikuwa chini, anahangaika na lake.

Mchana nashona sare za shule.
Viganja vimeota sugu, vitambaa laini vinanasa;
mteja mmoja aliniuliza kama nalima.
Nikamjibu ndiyo. Vitunguu.

Novemba nitakutana tena na binti wa Manyoni.
Sijui kama nitamshinda, na kocha hasemi.
Ninachotaka ni kidogo:
safari hii, nikianguka,
awe ni yeye aliyeniangusha.